Pampu ya Dizeli au ya Sola: Tuamueje Bei Zisipotabirika?

SWALI: Kamati yetu ya maji inachagua pampu ya kufunga kwenye kisima cha kijiji: ya dizeli, ya sola au ya mkono. Tuliweka vigezo vinne, yaani bei ya kununua, gharama za uendeshaji, upatikanaji wa vipuri na wingi wa maji, tukakipa kila kigezo uzito wake na kila pampu alama kati ya 0 na 100. Jumla ya dizeli ilikuwa 70, sola 62, na ya mkono 45. Kabla hatujapitisha, mjumbe mmoja aliuliza itakuwaje bei ya dizeli ikipanda maradufu, na hakuna aliyeweza kumjibu. Je, tuipunguzie dizeli alama chache kwa tahadhari?
Katibu wa kamati ya maji, Kilosa

JIBU: Ndugu Katibu, msipunguze alama kwa kukisia, kwa sababu mkifanya hivyo hakuna atakayejua baadaye ni kiasi gani kilitokana na ubora wa pampu na kiasi gani kilitokana na hofu ya bei. Fanyeni hesabu mara mbili kwa kipimo kilekile, moja ya bei ya sasa na nyingine ya bei iliyopanda. Tuseme katika hali ya pili dizeli inashuka hadi 40, huku sola na ya mkono zikibaki na alama zake. Hapo mnaweza kutumia kanuni ya majuto, iliyopendekezwa na mwanatakwimu Mmarekani Leonard Savage mwaka 1951: kwa kila hali, tazameni mtapoteza alama ngapi kwa kutochagua pampu iliyo bora katika hali hiyo, kisha chagueni pampu ambayo majuto yake makubwa kabisa ni madogo kuliko ya nyingine. Bei ikitulia, mwenye sola anajutia alama 8. Ikipanda, mwenye dizeli anajutia 22. Majuto makubwa kabisa ya pampu ya mkono ni 25, kwa hiyo kanuni hiyo inaelekeza kwenye sola.

Wajumbe wanaoona kwamba kanuni hiyo ni ya waoga mno wanaweza kupima uwezekano wenyewe. Wastani wa alama za hali zote mbili, kila hali ikipewa uzito kulingana na uwezekano wake, unaifanya sola iipite dizeli pale tu uwezekano wa bei kupanda maradufu unapozidi takribani 27 kwa 100. Mjadala wa kikao sasa unakuwa juu ya jambo moja linaloweza kujadiliwa na watu wanaonunua dizeli kila wiki, nao ni bora kuliko kubishana juu ya pampu kwa ujumla.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, rudini kwenye uzito wa vigezo, maana hapo ndipo kamati nyingi hukosea bila kujua. Kusema kwamba gharama ni muhimu kuliko vipuri hakuna maana mpaka mjue tofauti iliyopo kati ya pampu ghali na pampu rahisi. Ikiwa bei zinakaribiana sana, kigezo cha bei kinastahili uzito mdogo hata kama fedha ni tatizo kubwa kijijini. Ulizaneni hivi: kutoka pampu mbaya kabisa hadi nzuri kabisa kwa kigezo hiki, tunapata faida kiasi gani?

Kujumlisha alama kuna kasoro nyingine, kwamba wingi wa maji unaweza kufidia kukosekana kwa vipuri, ilhali pampu iliyokufa haitoi maji. Mfaransa Bernard Roy, aliyebuni katika miaka ya 1960 ELECTRE, mbinu ya kulinganisha machaguo kwa vigezo vingi, na wenzake waliruhusu kigezo kimoja kiwe na kura ya turufu: chaguo linaloshindwa vibaya mno katika kigezo hicho haliwezi kutangazwa bora kuliko lingine, hata likiongoza kwingine kote. Wekeni sharti la namna hiyo kwa vipuri.

Mwisho, sola nayo ina mashaka yake, hasa wizi wa paneli, nao pia uhesabiwe kama hali ya tatu, pamoja na gharama ya uzio na mlinzi.