Gari lipo, chakula kipo, mtoto haongei

*Mwanangu ana miaka 16. Ana simu nzuri, chumba chake kina kiyoyozi, ada inalipwa kwa wakati. Tangu Januari anajifungia, haongei. Tumekosea wapi? (Mama, Mbezi Beach)*

Mama, umenitajia mnavyomnunulia, hukunitajia hata kimoja anachokipenda. Najua foleni ya Barabara ya Bagamoyo inakufikisha nyumbani saa tatu usiku, yeye keshakula peke yake na chako kimepoa chini ya kawa. Lakini juzi nilimuuliza baba mmoja mwanawe yuko kidato cha ngapi, akampigia dereva. Dereva alijua. Alijua hadi jina la mwalimu ambaye mtoto anamwogopa.

Kuleni pamoja jioni tatu kwa wiki, simu zote zibaki sebuleni, yako ikiwemo. Usimhoji. Mpe wali, kaa naye. Ila akiacha kula, akikosa usingizi au akisema amechoka kuishi, usisubiri hata siku moja. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na 116 ni namba ya bure ya msaada kwa watoto. Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, inawapata na watoto wa matajiri wa Masaki.

*Kijana wangu wa miaka 17 anaendesha vizuri kuliko mimi. Nimwachie gari wikiendi?*

Hapana. Leseni ni miaka 18, na watembea kwa miguu wa Kawe si wa kujifunzia.

*Nitajie shule ya bweni kali ya kumnyoosha binti yangu.*

Swali hili naletewa kila mwaka, maneno yale yale. Bweni si gereji, uache mtoto, uchukue risiti, urudi likizo kuuliza kama ametengemaa. Hata alichofanya hujaniambia. Kaongee naye kwanza, ndipo uniandikie.

*Nina miaka 15. Nikiwalipia marafiki Coco Beach wanajaa. Nikisema sina hela, simu hailii.*

Mwanangu, pole. Hilo linauma, na si kosa lako. Mwezi huu kila mtu ajilipie mihogo yake. Akibaki hata mmoja, mkaribishe nyumbani, msukume chapati pamoja. Waliokimbia usiwafuate na pochi.

Na jambo hukuniuliza: mtoto anayelipa ndiye wa kwanza kuletewa shisha na vidonge vya "kuchangamka". Ukiviona, ondoka hapo hapo, umpigie mtu mzima unayemwamini aje akuchukue, hata kama mtu huyo ni dereva.