Ukitaka kupima sumaku ya mawimbi, tafuta kwanza kituo cha pili

Vijana wa fizikia wanaonifuata hapa Tanga kuhusu jambo hili huwa wameshapakua programu ya sumaku kwenye simu na wanataka kwenda Ras Kazone jioni hiyohiyo. Hamu yao inanifurahisha sana, ila simu waiache nyumbani. Maji ya chumvi hupitisha umeme. Yanapopanda na kushuka ndani ya sumaku ya dunia, mikondo midogo ya umeme huzaliwa humo, nayo hutoa uga wake wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku husikika. Lakini uga huo ni mdogo mno: juu tu ya maji, mawimbi marefu ya bahari kuu hutoa nanotesla chache (nanotesla ni kipimo kidogo cha nguvu ya sumaku), wakati sumaku ya dunia hapa kwetu ni kama nanotesla 33,000. Simu ya kawaida haiwezi kuuona.

Wala msishawishike na droni. Wimbi linalorudi kila sekunde 10 kwenye kina kirefu lina urefu wa mita 156 hivi, na uga wake hufifia haraka ukipanda: kwenye mita 40 umebaki kama moja ya tano. Setilaiti za Swarm, zilizorushwa mwaka 2013, hunasa sumaku ya maji kujaa na kupwa kwa sababu mwendo huo umetanda bahari nzima. Mawimbi hayako hivyo.

Adui mkubwa ni mtikisiko. Kifaa kinachopima kwa kufuata mwelekeo kikiinama nyuzi 0.01 tu, kinaweza kuonyesha badiliko la karibu nanotesla 6, na hakuna wimbi lililohusika. Upepo unatosha kukiinamisha. Ndiyo maana napendelea magnetometa (kifaa cha kupima sumaku) ya protoni, inayopima ukubwa wa uga bila kujali imeelekea wapi. Izikeni mchangani, juu ya alama ya maji ya bamvua, mkiishikilia kwa vigingi vya mbao. Msumari usiwepo. Panga, funguo na pikipiki vikae mbali.

Halafu kituo cha pili, ambacho wengi hukiruka kwa kubana gharama. Angani juu yetu kuna mitetemo ya sumaku itokanayo na Jua, na baadhi hujirudia kila sekunde 10 hadi 45, sawasawa na mawimbi. Ukiwa na kifaa kimoja huwezi kuvitenganisha. Wekeni kingine kilometa kadhaa bara, kwenye shamba la mkonge lisilo na nguzo za umeme, saa zao zikiwa zimelinganishwa. Mtetemo wa angani utaonekana kote kuwili. Toeni vipimo vya kituo cha bara kwenye vipimo vya kituo cha pwani. Mabaki yasomwe pamoja na kipima shinikizo kilicholazwa chini ya maji, muone kama yanapanda na kushuka kwa kipindi kilekile cha mawimbi.

Ndani ya ghuba maji yametulia mno. Tafuteni ufuko ulioelekea mkondo wa Pemba, kusi ikiwa imekaza, na mrekodi usiku, bodaboda zikipungua.