Ukianza kusoma marabi wa kale, anza na walimu wao

Wewe unayeingia sasa kwenye historia ya marabi, usimchukue mmoja ukamsoma peke yake. Uliza kwanza alikaa miguuni pa nani. Mimi wanaoanza huwaelekeza kwa Rabi Meir, wa karne ya 2, kwa sababu kwake jambo hili liko wazi.

Meir alikuwa mnakili wa Torati. Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya sheria ya Kiyahudi, inasimulia kwamba alikwenda kwa Rabi Akiva, masomo yakamzidi. Akahamia kwa Rabi Ishmael, akapata msingi, ndipo akarudi kwa Akiva. Ishmael alipojua kazi yake alimwonya awe mwangalifu: akiacha au akiongeza herufi moja tu, ataiharibu dunia nzima. Nawe ukiona ukurasa wa Talmudi umekushinda, rudi kwenye Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua. Ina sehemu 6 na vitabu 63, na lugha yake ni fupi. Hakuna aibu.

Mwalimu wake mwingine ndiye anayewasumbua wengi: Elisha ben Abuyah, msomi aliyeasi njia ya wenzake. Kisa chao kisome polepole. Siku ya Sabato Elisha amepanda farasi, Meir anamfuata nyuma kwa miguu ili asikose somo. Mara Elisha anamwambia arudi. Amehesabu hatua za farasi, na mpaka wa mwendo wa Sabato, dhiraa 2000, umefika. Yeye mwenyewe haishiki tena sheria, lakini anamchungia mwanafunzi wake! Meir akamsihi naye arudi. Akakataa. Ukishangaa Meir alijifunzaje kwa mtu huyo, jibu la Talmudi ni kwamba alipata komamanga, akala ya ndani, ganda akalitupa.

Ila kuwa macho. Talmudi hiyo ilikamilika karne kadhaa baada ya Meir, kwa hiyo kila kisa kiandike daftarini pamoja na mahali ulipokitoa, wala usikichukulie kama cheti cha kuzaliwa. Mishna iko karibu naye zaidi: Rabi Yehuda HaNasi aliikusanya yapata mwaka 200. Mapokeo yanasema kauli za Mishna zisizotajwa mwenyewe ni za Meir, na zote zinafuata mafundisho ya Akiva. Ukikutana na kauli ya namna hiyo, andika majina yote mawili pembeni.