Tenofovir kwa homa ya ini B: gharama iko wapi hasa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wilayani Masasi, najiendeleza kwa masomo ya shahada. Nimepewa kazi ya kutathmini kama dawa ya tenofovir kwa wagonjwa wa homa ya ini B sugu inastahili fedha inayotumika. Nilichukua gharama ya dawa kwa mwaka, nikaigawa kwa idadi ya wagonjwa. Msimamizi ameirudisha. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako inaeleza mgonjwa mmoja anatumia kiasi gani, basi. Ulichoulizwa ni fedha tunayoongeza inanunua nini ambacho bila dawa tusingekipata. Hapo ni lazima uwe na pande mbili.

Tuseme, kwa mfano tu, wagonjwa 100 wasipopewa dawa watagharimu shilingi milioni 60 maishani mwao, nyingi zikiishia kwenye kulazwa na kutolewa maji tumboni, na wote kwa jumla wataishi miaka 1,000 yenye afya. Wakipewa dawa, gharama inafika milioni 210 na miaka inakuwa 1,150. Toa, kisha gawa: milioni 150 kwa miaka 150. Kila mwaka wa afya ulioongezeka umegharimu shilingi milioni moja. Hiyo ndiyo tarakimu anayoisubiri msimamizi wako.

Hesabu iende maisha yote ya mgonjwa. Virusi hivi hukaa kimya hata miaka 20 au 30 kabla ini halijajaa makovu au kuota saratani, kwa hiyo ukiishia mwaka wa tano utaona gharama tupu. Gharama na faida za miaka ya mbele zipunguzwe thamani. Wengi hutumia asilimia 3 kwa mwaka.

Sasa bei. Kidonge chenyewe ni rahisi: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 ilitaja dola 2.4 kwa mwezi kama bei ya kulinganishia. Fedha kubwa inaliwa na vipimo na safari. Msimu uliopita wa korosho nilimpokea mzee kutoka upande wa Mangaka. Bodaboda alfajiri, basi hadi Masasi, basi jingine hadi Mtwara, usiku akalala kwa ndugu. Alitoa mfukoni kopo la vidonge 30, tupu, tarehe ya kurudi imepita miezi mitatu. Korosho zilikuwa zinaanguka na hakuna wa kuziokota. Ini lilikuwa limewaka upya, kama linavyoweza kufanya dawa ikikatwa ghafla. Nauli yake na siku zake za shamba ziingie kwenye jedwali lako, hata kama hospitali haikuzilipa. Kisha jaribu hesabu ikiwa nusu ya wagonjwa wanapotea. Huenda ukashangaa jibu linavyobadilika.

Kwenye vipimo, kuna njia ya bei nafuu ya kukadiria makovu ya ini. Chukua AST ya mgonjwa (kimeng'enya kinachopanda damuni ini likiumia), gawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yenu, gawa tena kwa chembe sahani (zile za kugandisha damu, zikihesabiwa kwa maelfu kwa mikrolita), zidisha kwa 100. AST 80, kiwango 40, chembe sahani 150: unapata 1.33. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024, zaidi ya 0.5 kwa mtu mzima inatosha kumwanzishia dawa, na zaidi ya 1 inaashiria ini limekwishasinyaa kwa makovu. Wingi wa virusi unaweza kupimwa kwa GeneXpert, mashine ileile ya kifua kikuu, kwa hiyo usiibebeshe homa ya ini gharama yote ya mashine.

Na wenye VVU wanaotumia dawa zenye tenofovir tayari? Usiwahesabie dawa upya.

Kuhusu kipimo cha kuamua kama inastahili, wengi hukimbilia pato la wastani la mwananchi. Mimi siridhiki nalo. Linganisha na kitu ambacho fedha hiyohiyo ingefanya wilayani kwenu, kwa mfano chanjo ya homa ya ini kwa watoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.

Anza na daftari la mahudhurio la kliniki yenu. Ukishalijumlisha nitumie, tulipitie pamoja kabla hujarudi kwa msimamizi.