Mwanangu, riwaya si za watoto wa shule

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Huku Tanga hatujambo, na baba yako mguu umepata nafuu, anaenda msikitini mwenyewe.

Swali lako limenifurahisha sana. Umesema wenzako wa ofisini wanakushangaa ukitoa riwaya saa ya chakula cha mchana. Wanakwambia hadithi ziliishia kidato cha nne, mtu mzima asome vitabu vya mafanikio, vya fedha na nidhamu. Ukaniuliza: Mama, wewe unasoma chochote kinachokuangukia mkononi na hukusomea fasihi, unakijuaje kitabu kizuri, na kipi kimevishinda vyote?

Nianze na hivyo vya mafanikio, maana sivichukii. Kimoja kilinifundisha kutenganisha hela ya vitambaa na hela ya kula, na mpaka leo nafanya hivyo. Ila watu waliomo humo hawana uhai. Yupo anayeamka saa kumi alfajiri, anaweka akiba, anatajirika. Yupo jirani yake mvivu, anabaki maskini. Huambiwi yule tajiri aliuguliwa na nani, wala nani aliyempigia pasi shati la kwendea kwenye mikutano yake. Nikishafunga kitabu simkumbuki hata mmoja.

Mimi ni fundi cherehani, mwanangu, na umekulia chini ya meza yangu. Unajua wateja wanavyoongea mbele ya fundi kana kwamba hayupo. Nimesikia posa zikivunjwa na mirathi ikigombewa huku nimezungusha futikamba kiunoni mwa mtu. Ndiyo maana nikifungua kitabu, wa kwanza kumtafuta ni yule wa pembeni: mtumishi, mchukuzi, mama wa jikoni. Je, mwandishi amempa akili na maneno yake, au amemleta aweke chai mezani aondoke? Hicho ndicho kipimo changu, na nakitumia kwa vitabu vya kila aina.

Riwaya za upelelezi nazipenda, wala sizionei haya. Tulipokuwa wasichana tulipokezana vitabu vya Elvis Musiba mpaka vikakosa majalada. Ukimsoma mpelelezi wake, Willy Gamba, usiku, usingizi unaruka, na unaiona Dar es Salaam ya siku zile ambapo wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika walikuwa wamepiga kambi kwetu. Lakini wanawake wengi wa humo kazi yao ni kuwa wazuri tu, basi. Kwa hilo namweka mbele Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960. Bwana Msa na kiko chake anauliza, ananyamaza, anatazama. Mpelelezi wa namna hiyo hawezi kumdharau mtu, kwa sababu aliyeona jambo huenda ni yule ambaye wakubwa hawakumjali.

Sasa Shaaban Robert. Najua kumkosoa ni kama kukosoa wazee, lakini umeniuliza maoni yangu na hili nalisema kwa moyo mweupe. Kiswahili chake sijaona mfano wake. Watu wake, hata hivyo, wamebeba majina ya sifa zao, na mtu anayeitwa Majivuno hawezi kukushangaza. Kusadikika ndicho kinachonivuta licha ya hayo. Kilichapishwa 1951, chini ya utawala wa Mwingereza, na aliyekiandika alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika forodha ya serikali hiyohiyo. Humo yumo Karama, anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na utetezi wake ni kuwataja mmoja mmoja wajumbe waliotumwa pande sita kutafuta heri ya nchi, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Ukisoma huku unakumbuka mwaka ule, yale majina hayakusumbui tena.

Mashairi nayasoma kwa sauti, tena taratibu. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla inataka hivyo. Alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka uliohoji nchi inaelekea wapi, akayaandika mashairi yake gerezani kwenye karatasi za chooni. Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, kitakupa taabu kidogo mwanzoni. Vumilia, rudia ubeti, utafunguka. Tamthilia sizisomi sana, naona zinataka jukwaa, isipokuwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Ni habari ya Vita vya Maji Maji, lakini kabla hajaonekana shujaa yeyote, wanawake wawili wanazungumza dhiki za nyumbani. Napenda mwandishi aliyejua vita vinaanzia hapo.

Kitabu kilichoniuma kuliko vyote ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha 1971. Kuna wakati kilizuiwa mashuleni, eti kitawaharibu wasichana. Nilikisoma wewe ukiwa umeanza sekondari, na nilikisoma nikiwa mzazi. Kule Ukerewe, Zakaria, baba mlevi, anaikamata barua ya mapenzi aliyoandikiwa binti yake, anampiga vibaya sana. Rosa hakuwa amefanya lolote. Anakwenda shuleni akiwa anawaogopa wanaume, hajafundishwa chochote juu yao, na hofu ile ndiyo inayomwangusha. Wasomaji wengi humzungumzia Rosa na Zakaria. Mimi humtazama Regina, mama yake, anayeona kila kitu na hana pa kusemea. Kezilahabi hakumfanya malaika, wala hakumlaumu kwa wepesi. Amemwacha apike, alime, awafiche watoto, aogope. Waliokizuia kitabu kile waliwanyima wazazi nafasi ya kujitazama, na hilo linanikera mpaka leo.

Cha Abdulrazak Gurnah, Peponi, nimekipata kwa Kiswahili juzijuzi tu. Tafsiri imetoka 2022, mwaka mmoja baada ya yeye kupewa Nobeli. Ipo sehemu nilisimama nikakaa kimya. Kijana Yusuf amechukuliwa kwao na tajiri Aziz, naye anadhani anasafiri na ndugu wa familia. Khalil, mwenzake wa dukani, ndiye anayemfungua macho kwamba yule si ndugu yake, kwamba yeye ni rehani ya deni la baba. Ukweli mzito namna ile haukusemwa na baba wala tajiri. Umesemwa na muuza duka, ambaye naye ni rehani.

Umeniuliza kipi kimevishinda vyote. Kwangu ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha 1999. Wewe umeiona filamu yake, lakini filamu haikuweza kubeba kila kitu. Yasmin ni msichana wa Kihindi, ameozwa kwa mwanamume wa umri wa baba yake, anatoroka, na ndugu zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, kule mjini Unguja, Mswahili maskini mwenye chumba chake kimoja. Anamfungulia, anampa pa kulala, anakula naye, anamchukua kwenye taarab. Mapenzi ya Yasmin na Denge, kijana mpigania uhuru, harakati dhidi ya Mwingereza, yote hayo ni mazuri, lakini bila ule mlango wa Mwajuma hakuna hadithi. Shafi amemwandika anacheka, anagomba, ana wanaume wake na shida zake, ana ulimi. Hakumleta aje kumsaidia mtu kisha apotee. Nimeshona nguo za kina Mwajuma wengi, na sijaona mtu aliyewaandika kwa haki kuliko yeye.

Wenzako usibishane nao. Wasome vyao, na ukitaka viazime usome, havina dhambi. Ila usikiache kitabu chako mezani kwa aibu.

Shangazi yako anakuja Dodoma mwezi ujao. Nitampa nakala yangu ya Kuli, cha Adam Shafi huyohuyo, kuhusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Kurasa zilikuwa zimeachana na jalada, nimezishona kwa mkono kwa uzi wa jinzi, kwa hiyo usikikunjue kwa nguvu. Ukikimaliza niandikie umempenda nani humo, na kama yupo unayeona mwandishi amemwonea.

Mama yako