Mbu hakuzoea dawa

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Magu. Nilipoolewa, ukipuliza dawa chumbani mbu walikuwa wanapukutika, asubuhi unawafagia. Siku hizi nampulizia mbu ukutani, anayumba kidogo, anaruka zake. Mume wangu anasema wamezoea, kama mlevi anavyozoea gongo. Nami najiuliza: kama mbu mama amezoea, watoto wake wanazoea vipi hawajazaliwa? Na kama dawa haiwatishi tena, chandarua chenye dawa tunakitundika cha nini?
Mama wa Watatu, Magu

Marahaba mwanangu. Nimeiweka barua yako juu ya nyingine zote kwa sababu ya hilo swali la watoto wa mbu. Umegusa palepale penye kosa.

Tunasema "mbu wamezoea dawa", na neno hilo limetupotosha wengi, nikiwemo mimi nilipokuwa kijana kazini. Mlevi huzoea gongo kwa kuwa aliinywa jana na juzi na mwaka jana. Mwili wake mwenyewe ndio uliobadilika. Mwanawe hazaliwi akiwa tayari na kichwa cha kubeba chupa tatu. Hata neno la kitaalamu, usugu, lina mtego huohuo. Sugu ni ule ugumu wa kisigino cha mtu anayetembea pekupeku, na anaupata kwa kusuguliwa. Mbu hapati usugu kwa namna hiyo.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya wadudu kwa miaka 27, sehemu kubwa katika bonde la Kilombero. Nikueleze kipimo tulichokuwa tukifanya, maana ndicho kilichonifumbua macho. Alfajiri tuliingia majumbani na tochi, tukawanyonya kwa mrija mbu majike walioshiba damu wakipumzika ukutani. Tuliwapeleka maabara, kila mmoja akataga kwenye kikombe chake chenye karatasi mbichi. Mayai yakaanguliwa katika maji safi, viluwiluwi tukawalea kwenye mabeseni kwa chakula cha samaki kilichosagwa. Walipopata mabawa tuliwapa pamba iliyochovywa maji ya sukari. Wakifika siku tatu hadi tano, tunawatia majike 25 katika kila mrija wa plastiki uliozungushiwa ndani karatasi yenye deltamethrini, dawa ya ukoo uleule wa zinazowekwa kwenye vyandarua. Dakika 60 tu. Kisha wanahamia mrija safi, tunawaacha saa 24, halafu tunahesabu waliokufa. Wakifa 98 au zaidi katika 100, mbu wa kijiji kile bado wanaisikia dawa. Wakifa chini ya 90, unaandika usugu kwenye fomu.

Asubuhi moja nilifungua kabati, nikakuta katika mrija mmoja mbu 11 kati ya 25 wametua salama, miguu yote sita ipo, kiuno kimeinuliwa juu kama kawaida ya mbu wa malaria. Nilikaa kwenye kigoda nikiwatazama kwa muda mrefu. Hawa nimewalea mwenyewe tangu yai. Wana siku nne tangu wapate mabawa. Hawajawahi kuingia nyumba ya mtu, hawajagusa chandarua, hawajapuliziwa chochote mpaka ile saa moja niliyowafungia mimi. Walizoea lini?

Hawakuzoea. Walizaliwa hivyo. Na wenzao 14 waliolala chini miguu juu walizaliwa tofauti. Ndugu mbu hawafanani, kama watoto wako watatu wasivyofanana, na ndani ya kutofautiana huko ndimo mambo yote yanamoanzia.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Dawa za vyandarua vingi ni za kundi liitwalo pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, hilihili wanalolima wenzetu wa Mufindi na kule Nakuru. Katika neva za mbu kuna vijimlango vya kupitisha chumvi ya sodiamu, vinavyofunguka na kufunga kwa kasi ili ujumbe upite. Dawa inavizuia kufunga. Neva inapiga kelele bila kukoma, mbu anatetemeka, anaanguka, anakufa. Sasa kijimlango hicho kimejengwa kwa vipande vingi vilivyopangwa kama shanga, na kwa mbu sugu shanga moja, ya 1014, imebadilika. Aina ya badiliko hilo inayoonekana sana Afrika Mashariki ilielezwa kutoka kwa mbu wa Kenya mwaka 2000. Shanga moja tu, na dawa haishiki tena vizuri. Wapo pia mbu ambao vijimlango vyao ni vya kawaida, lakini miilini mwao wana vimeng'enya vingi vinavyoivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Wengine wana vyote viwili.

Kwa hiyo zamani, ulipokuwa ukiwafagia, huenda palikuwa na mbu mmoja wa namna hiyo katika maelfu. Ukampulizia na yeye akaruka zake, hukumwona. Lakini wenzake wamekufa, madimbwi yamebaki yake. Jike hutaga mayai zaidi ya 50 kwa mara moja, mara nyingi hufika 100 na kuendelea, na kwenye joto letu kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki mbili hivi. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi vimepita tangu ulipoolewa. Mbu unaowaona sasa si wale wa zamani waliojifunza. Ni wajukuu wa yule mmoja.

Na pareto ya kuiga haikuwa ya kwanza. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1948. Nzi wa nyumbani sugu kwa DDT walikuwa wameshaonekana Sweden mwaka 1946, kabla hata tuzo haijatolewa! DDT inashambulia vijimlango vilevile vya sodiamu. Basi kila mbu aliyepona DDT kwa ile shanga iliyobadilika alikuwa pia amejiandaa, bila kujua, kwa dawa ambayo bado haijaingia sokoni.

Chandarua sasa. Kitundike, mwanangu, tena leo. Kwanza ni ukuta: mbu sugu hawezi kupita kwenye kitambaa kizima, kwa hiyo shona matundu, fua kwa sabuni ya kawaida, anika kivulini kwa sababu jua linaiharibu dawa. Pili, wataalamu nao hawakulala, na kazi hiyo imefanyika mikoani kwetu, Kanda ya Ziwa hukohuko kwako. Muleba, Kagera, ndiko vilikojaribiwa vyandarua vilivyoongezwa kiungo kiitwacho PBO, ambacho kinavifunga mikono vile vimeng'enya. Matokeo yake yalilifanya Shirika la Afya Duniani livipendekeze mwaka 2017. Kisha Misungwi, jirani zako, vikajaribiwa vyenye dawa ya pili, klofenapiri. Katika miaka miwili malaria kwa watoto ilikuwa chini kwa asilimia 44 kuliko kwa waliolalia vyandarua vya kawaida, na mwaka 2023 navyo vikapendekezwa.

Klofenapiri inanifurahisha kuliko zote, na sitaki niipite hivihivi. Jinsi inavyoingia mwilini si sumu kali. Vimeng'enya vya mbu vinaivamia kuivunja kama vilivyozoea kuvunja pairethroidi (hapa neno "kuzoea" naliomba radhi), na katika kuivunja ndipo vinapoigeuza kuwa sumu yenyewe, inayokata nguvu ya mwili. Ile ngao iliyomwokoa bibi yake ndiyo inayomuua yeye. Lakini usidhani tumemaliza. Mahali fulani yupo mbu aliyezaliwa na tofauti nyingine.

Ndiyo maana nakusihi jambo moja: usichukue dawa ya pamba au ya nyanya ukapuliza chumbani, hata kama jirani anasema "hiyo ndiyo kiboko". Ni hatari kwa watoto wako. Na shambani kwenyewe zinapomwagwa ovyo, zinafika kwenye madimbwi na kuwachagua viluwiluwi wagumu kabla hata hawajapata mabawa.

Shikamoo Bibi. Nasoma kidato cha sita Mtwara. Nimesikia kwamba Msumbiji tembo majike wanazaliwa bila pembe ili wasiuawe na majangili. Tembo amejuaje kwamba pembe ndiyo inayomponza?
Mwanafunzi, Mtwara

Marahaba. Hajui, na hilo "ili" lako ndilo la kufuta. Habari yenyewe ni ya kweli, ya Hifadhi ya Gorongosa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilianza mwaka 1977 vikaisha 1992, na wapiganaji wa pande zote mbili waliwaua tembo kwa ajili ya nyama na pembe. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikwisha. Kabla ya vita majike wasio na pembe walikuwepo tayari, karibu mmoja katika watano, hakuna aliyewapangia. Mwenye bunduki aliwapita, akamtafuta mwenye pembe. Vita vilipokwisha, nusu ya majike waliobaki hawakuwa na pembe, nao wakazaa mabinti kama wao.

Kwa nini ni majike tu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliitafuta sababu kwenye chembe za urithi, ukaonyesha kwamba tofauti hiyo imo kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba chembe hizo. Jike ana X mbili, moja nzima inamtosha kuishi. Dume ana X moja tu, na akiirithi hiyo yenye badiliko inaelekea hafiki kuzaliwa. Kwa hiyo jike asiye na pembe aliepuka bunduki huku akipoteza sehemu ya watoto wake wa kiume tumboni. Naiona hesabu hii kuwa ya huzuni sana, na ningependa uiweke kwenye daftari lako kando ya neno "kufaa" mtakalofundishwa darasani. Kufaa si kuwa bora. Wale walifaa kwa miaka ya bunduki. Tembo mwenye pembe anachimba maji wakati wa kiangazi na kubandua magome ya miti. Asiye nazo anakula na kuishi kwa namna nyingine.

Bibi shikamoo. Nina miaka kumi. Nikiua mbu kwa makofi kila siku, watakuwa sugu kwa makofi?
Mjukuu wako, Muheza

Marahaba mjukuu wangu. Nimeisoma barua yako mara nne. Umeuliza jambo ambalo watu wazima wanalifanyia kazi.

Kwa makofi yako peke yako, hapana. Unaua mbu wachache mno katika Muheza nzima, na baadhi yao wameshataga. Ili mbu wabadilike, lazima wanaokufa wawe wengi, lazima wanaopona wawe na tofauti fulani na wanaokufa, na tofauti hiyo lazima mama awape watoto. Vikikosekana hivyo, umeua mbu tu, na vizuri.

Lakini fikiria kofi kubwa, lililo katika kila nyumba kila usiku: chandarua. Mbu anayependa kuuma ndani, saa sita usiku, watu wakiwa wamelala, ndiye anayekutana nalo. Anayeuma nje saa moja jioni, mama anapokaanga samaki na nyinyi mmekaa barazani, hakutani nalo. Kilombero tuliona baada ya vyandarua kuenea kwamba jamii ya mbu waliopenda sana ndani ilipungua, na waliobaki wengi wakawa wa jamii nyingine, wasioona taabu kuuma nje au kunywa damu ya ng'ombe. Hapo ni jamii moja imeipisha nyingine. Kama na ndani ya jamii moja saa za kuuma zinarithiwa kutoka kwa mama, hilo ndilo la kufuatilia, na linataka mtu mwenye subira na daftari.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda suruali imekunjwa mpaka magotini, nimepewa dawa ya kukinga malaria, ninamnyonya kila mbu anayetua mguuni kabla hajauma na kuandika saa. Wewe usifanye hivyo. Vaa suruali ndefu jioni. Ila ukimsikia mbu sikioni au ukimpiga mmoja barazani, tazama saa ya ukutani uandike tarehe, saa, na kama ulikuwa ndani au nje. Fanya hivyo tangu mvua za vuli zinapoanza mpaka masika yaishe, kisha nitumie daftari. Nitakujibu hapahapa.