Niuze nyumba ya babu nipate mtaji?

SWALI: Assalaam aleikum, Mzee. Nyumba ya marehemu babu yetu iko Mkomani, nusu yake imekuwa gofu. Mzungu mmoja anaitaka na ndugu zangu wamekubali. Shangazi wa Mombasa tu ndiye hajaulizwa. Nimesoma habari za Wayahudi wa Kihasidi wa Brooklyn, New York, waliotajirika kwa kununua nyumba chakavu na kuzikarabati. Nataka fungu langu liwe mtaji wa kazi hiyo hapa Lamu. Na je, watu wa dini kama wale hukopaje bila riba? — Kijana wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nimefanya udalali wa nyumba mji huu tangu ujana wangu, na nyumba za Mkomani zilizotoka mikononi mwa wenyewe bado zinaniuma.

Hao Wahasidi uwaangalie vizuri. Wale wa kundi la Satmar walijenga jamii yao Williamsburg, mtaa wa Brooklyn, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walitaka kukaa karibu na sinagogi, na familia zao zina watoto wengi, kwa hiyo aliyejua kukarabati hakukosa kazi kwa jirani zake. Mwaka 2005 jiji likaruhusu maghorofa ya kuishi penye viwanda na maghala ya ufukweni. Kodi zikapaa, wawekezaji wakasogea mitaa jirani ya Bushwick na Bedford-Stuyvesant, na wapangaji wengi wa zamani, Weusi na Wapuertoriko, wakashindwa kubaki. Wapo Wasatmar pia waliowalaumu wajenzi wa kwao kwa kuleta wapangaji wenye pesa.

Mtaa wa Crown Heights ulikwenda njia nyingine. Mwaka 1969 Wayahudi walikuwa wanauhama, na Rebbe (kiongozi wa dini) Menachem Mendel Schneerson wa kundi jingine la Kihasidi, Lubavitch, akawakataza watu wake kuuza na kuondoka. Wakabaki, na mpaka leo ndiyo makao yao makuu. Hilo ndilo ningependa ulichukue kwao.

Kuhusu riba, Torati nayo inaikataza baina ya Wayahudi. Wana mkataba uitwao heter iska, ambao huuandika mkopo kama ushirika wa biashara, jirani na mudharaba yetu, ambapo mmoja hutoa mtaji, mwingine kazi, na faida hugawanywa. Lakini mkataba hauondoi hatari. Kampuni ya Yoel Goldman, Mhasidi wa Brooklyn, iliuza hatifungani (hati za mkopo) Tel Aviv na kujenga flati Bushwick palipokuwa na kiwanda cha bia cha Rheingold. Desemba 2021 ikakimbilia mahakama ya ufilisi.

Sasa nyumba yenu. Kwa Katiba ya 2010 asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja. Hukodi tu, isizidi miaka 99. Basi mkodisheni huyo Mzungu kwa miaka michache, gharama ya ukarabati ikatwe kwenye kodi. Mkataba utaje chokaa, si saruji. Saruji hufungia unyevu wa chumvi ndani ya mawe ya matumbawe. Nimegusa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizopakwa saruji, plasta ikanibakia mkononi na jiwe nyuma yake limekuwa unga. Kibali mkakiombe Makumbusho ya Taifa kabla fundi hajagusa boriti hata moja. Kazi hiyo uisimamie wewe, ndipo utakapojifunza ufundi unaoutaka bila deni.

Shangazi yako ni mrithi. Bila ridhaa yake hapana mauzo, na dalali atakayekwambia vingine mkimbie. Mpigie kabla ya kikao cha ndugu, kisha nendeni kwa Kadhi mirathi igawanywe kwanza.